Kwa mnaoripoti Julai: tazameni kwanza

Wadogo zangu mnaoripoti kidato cha tano kwenye shule za bweni za Kanisa huku Iringa Julai hii, hasa mnaotoka Tanga, Dar na Morogoro: sweta moja halitoshi. Basi likimaliza kupanda Kitonga mtaanza kunielewa, na mkifika Mafinga mtakuwa mmeshafungua begi kutafuta la pili. Julai huku Mufindi ni baridi kweli kweli, kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Leteni soksi nzito, blanketi, kufuli mbili na ndoo yenye mfuniko. Yote hayo yameandikwa kwenye fomu ya kujiunga, ila blanketi watu hulipuuza. Mimi nililipuuza.

Ninayotaka kuyasema hayamo kwenye fomu. Nilisoma miaka miwili kwenye shule ya masista upande wa misitu ya Sao Hill, na sasa nafundisha Fizikia shule nyingine ya Kanisa, mkoa huu huu. Kila Julai nawaona wageni wakiyarudia makosa yangu, mengine kwa mpangilio ule ule.

Siku yangu ya tatu tulikuwa tunacheza mpira jioni. Kengele ya kanisa ikalia saa 12. Nikaona beki amesimama, nikampita. Kipa naye kasimama, mikono kaifumbata. Nikafunga goli zuri kuliko yote niliyowahi kufunga, nikageuka kushangilia, nikakuta uwanja mzima kimya, watu wanasali Malaika wa Bwana. Goli halikuhesabiwa, na jina la "Saa Kumi na Mbili" nilitembea nalo mpaka mahafali. Sala hiyo husaliwa mara tatu kwa siku, alfajiri, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na ni fupi. Kwetu asiye Mkatoliki hakulazimishwa kuisali, alitakiwa kusimama tu. Jirani yangu wa kitanda cha juu alikuwa Mwislamu kutoka Tanga, na jioni ile alisimama mapema kuliko wengi, kwa sababu siku mbili za kwanza alikuwa anatazama wenzake wanafanyaje. Mimi niliyebatizwa nikiwa mchanga nilidhani nayajua yote.

Ratiba mtaizoea, sitapoteza muda nayo. Kengele ya kuamka, usafi, uji, darasa, kande, kazi za mikono, prepu. Ukipangiwa zamu ya vyoo usiuze zamu yako kwa biskuti. Masista wanajua bei ya kila zamu.

Nataka kukaa kidogo kwenye matendo ya huruma, maana huko ndiko mgeni anakoingia na moyo mkubwa na macho yaliyofumba. Karibu kila shule ya namna hii ina TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, na mtafundishwa maneno matatu: Ona, Amua, Tenda. Mtindo huo asili yake ni padri wa Kibelgiji, Joseph Cardijn, aliyekuwa karibu na vijana wa viwandani miaka ya 1920. Sisi tuliyaimba hayo maneno kama kiitikio halafu tukaruka moja kwa moja hadi la tatu.

Jumamosi yetu ya kwanza tulipelekwa kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, ng'ambo ya bonde. Tulikwenda kumi na wawili na sukari kilo 2, sabuni za mche na kanga. Tukasalimia "Kamwene" kwa lafudhi iliyomchekesha, tukaimba nyimbo tatu, tukapiga picha, tukarudi tunajisikia watakatifu. Bibi alishukuru sana. Wahehe wana adabu hiyo, hawezi kumwambia mgeni kwamba alicholeta sicho.

Wiki mbili baadaye sista mmoja akafuatana nasi. Hakuimba. Aliingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa, akanyamaza muda mrefu mpaka tukaona aibu. Kisha akatuuliza, "Wanangu, moshi wa nyumba hii uko wapi?"

Ilikuwa saa 4 asubuhi na mafiga yalikuwa ya baridi. Majivu yake yalikuwa yameshikana kama udongo. Sukari yetu ilikuwa palepale kwenye mfuko, fundo tulilofunga sisi halijaguswa, kwa sababu chai haipikwi kwa nyimbo. Nyuma ya nyumba mjukuu wake alikuwa amemwagia lundo la mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, kila banzi refu kuliko mimi. Kuni zilikuwepo tele. Mkono wa kuzikata ndio haukuwepo, na tulikuwa tumepiga picha tukiwa tumeliegemea lundo lenyewe.

Basi tukaazima shoka mbili kwa jirani. Banzi la msindano unalilaza juu ya gogo, mmoja analikanyaga upande huu, mwingine anakata upande ule, vipande vya shubiri mbili ili viingie kwenye mafiga bila kutokeza mlangoni. Utomvu unanata vidoleni mpaka kesho yake, hata mafuta ya taa hayautoi wote. Ilipofika saa 7 tulikuwa tumepanga ukuta wa kuni chini ya mwavuli wa paa, na bibi akatupikia chai kwa ile sukari yetu. Tangu siku hiyo TYCS yetu ilinunua shoka kabla ya kununua ngoma mpya. Kulikuwa na mjadala mkali, watu wa kwaya hawakufurahi.

Mkipata safari ya Tosamaganga, jirani na Iringa mjini, nendeni. Ilikuwa misheni ya watawa Wabenediktini kabla wamisionari Wakonsolata hawajafika Iringa mwaka 1919. Pale kanisa, hospitali, shule na kituo cha watoto yatima cha Masista Wateresina vimekaa pamoja kama vyumba vya nyumba moja. Nilipopaona ndipo nilipoelewa kwa nini sista mkuu wetu alikuwa akitoka kwenye Masifu ya Jioni moja kwa moja kwenda stoo kupima maharage, bila hata kubadilisha sura.

Kwaresima itawakuta Februari au Machi, mkiwa mmeshakuwa wenyeji. Neno moja tu: msifunge kwa mashindano. Kanuni ya Kanisa inamtaka mtu afunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia anapotimiza miaka 18. Kujinyima nyama ndiko kunaanza na 14. Mwenye vidonda vya tumbo aende kwa matroni aseme. Mwaka wangu bweni letu liliamua kunywa uji bila sukari siku zote 40, tukajivuna mno. Wiki ya tatu mpishi akatuuliza ile sukari tumempa nani. Hatukuwa tumempa mtu. Ilikuwa stoo, imeongezeka.

Sasa hili la mwisho, ambalo sipendi kulisimulia.

Wanafunzi hupangwa katika jumuiya ndogo ndogo, kama zile ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 waliziweka mbele katika maisha ya parokia. Kwetu tulikutana Jumatano baada ya chakula cha jioni. Husomwa neno, watu hutoa nia, yaani jambo wanalotaka wenzao waliombee, kisha kikopo cha mchango kinapita. Mimi nilikuwa katibu. Kijana mmoja wa darasa letu, mpole, hodari wa Kemia, alitoa nia ileile wiki tatu mfululizo: tumwombee baba yake apate nafuu. Tukaitikia "Ee Bwana, utusikie" wiki zote tatu. Hakuna aliyemuuliza baba anaumwa nini, au ada inalipwa na nani wakati baba yuko kitandani.

Wiki ya nne nikasikia ofisini kwamba anadaiwa na huenda akarudishwa nyumbani. Nikafanya nilichodhani ni kizuri. Nikasimama mbele ya jumuiya, nikamtaja kwa jina, nikataja na kiasi anachodaiwa, nikasema tumchangie mwenzetu. Watu walitoa kweli, kikopo kilijaa. Nilipogeuka kumkabidhi, kiti chake kilikuwa wazi. Alikuwa ametoka wakati noti zinahesabiwa.

Deni la ada lilipungua, akabaki shuleni. Jumuiya hakurudi tena mpaka tunamaliza. Tulipokutana kwenye foleni ya chakula alinisalimia vizuri, "Tumsifu Yesu Kristo," nami nikajibu "Milele, amina," basi, imeishia hapo. Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu ni ile ya kutoa sadaka bila kupiga tarumbeta. Mwaka huo mimi ndiye niliyepanda mimbarini kuitangaza katika ibada ya bweni, na sikujisikia vizuri kuisoma mbele yake.

Kwa hiyo mkisikia mwenzenu anatoa nia, msiiache palepale kwenye kiti. Mtafuteni kesho yake, kwenye kufua au kuchota maji, ambako watu huongea bila kutazamana. Muulizeni baba anaendeleaje. Akitaka kusema zaidi atasema. Asipotaka, mmefua pamoja.

Tulipoingia kidato cha sita tulibadilisha utaratibu. Kikopo kilihamia kwa sista mlezi, yeye ndiye aliyejua kinakwenda kwa nani. Mimi nilibaki na daftari la katibu, nikiandika tarehe na kiasi. Lilikuwa na safu ya tatu, ya majina. Niliikata kwa wembe na rula, ukurasa kwa ukurasa, prepu moja nzima.