Maswali ya wasomaji: Makala ya malaria yasiyo na mwandishi

SWALI: Wahariri, hamjambo. Naandika tasnifu kuhusu dawa za malaria. Vitabu vyote vinasema artemisinini, dawa itokayo kwenye mmea wa artemisia, iligunduliwa na Tu Youyou wa Uchina, aliyepata Tuzo ya Nobeli 2015. Msimamizi wangu alinituma nisome makala yenyewe katika Chinese Medical Journal ya 1979. Nimeyapata, lakini jina la mama huyo halimo, wala la mtu mwingine yeyote. Je, nimepata makala bandia?
Mwanafunzi wa famasia, Kisumu

JIBU: Makala uliyo nayo ndiyo yenyewe: Desemba 1979, juzuu ya 92, toleo la 12, ukurasa wa 811 hadi 816. Mahali pa mwandishi pameandikwa Qinghaosu Antimalaria Coordinating Research Group, na qinghaosu ndiyo artemisinini kwa Kichina. Wapiga chapa hawakukosea. Enzi hiyo, kazi kubwa za utafiti za serikali ya Uchina zilitolewa kwa jina la kikundi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi hii ilianza kama siri ya jeshi. Askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiangushwa na malaria msituni, klorokwini imeanza kushindwa, na serikali yao ikaomba msaada Beijing. Mkutano wa kuanzisha utafiti ulikaa tarehe 23 Mei 1967, na mradi ukapewa namba 523 kutokana na mwezi na siku hiyo, ili jina lisimfumbue mtu macho. Tu Youyou aliingia Januari 1969, akaongoza kikundi cha Chuo cha Tiba ya Jadi ya Kichina. Maabara nyingine zilikuwa Yunnan, Shandong, Shanghai na Guangzhou. Matokeo yalisomwa kwenye mikutano ya ndani ya mradi. Ripoti yake ya kwanza, kwa mfano, aliitoa Nanjing mwezi Machi 1972, na nje ya mradi hakuna aliyeisikia.

Sababu ya pili iko kwenye jarida lenyewe, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupita haraka. Jarida lilianzishwa Shanghai mwaka 1887 na madaktari wamisionari. Mwaka 1932 liliunganishwa na sehemu ya Kiingereza ya jarida la Chama cha Madaktari cha Uchina lililokuwapo tangu 1915, likapata jina lililo nalo sasa. Serikali ya kisoshalisti ilipoingia madarakani 1949 haikulifunga, na majina ya watu yaliendelea kuchapwa. Mwaka 1963 lilitoa taarifa ya mfanyakazi wa kiwanda cha Shanghai aliyekatwa mkono na mashine, ukashonwa ukashika, na madaktari waliomshona wametajwa mmoja mmoja. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza 1966 hali ikageuka. Mtu kujitafutia sifa ikawa hatia ya kisiasa, jarida likabandikwa jina jipya, China's Medicine, na mwaka 1968 ulipokwisha likanyamaza kabisa. Kwa Kiingereza lilirudi mwaka 1975.

Sasa linganisha tarehe. Sampuli namba 191 ya dondoo la mmea, iliyomaliza vimelea vyote kwa panya, ilipimwa tarehe 4 Oktoba 1971. Hata Tu angeruhusiwa kuandika, jarida kuu la tiba la nchi yake halikuwa likitoka.

Siri ilifunguliwa kwanza upande wa kemia. Mwaka 1977 gazeti la sayansi Kexue Tongbao lilichapa umbo la molekuli, nalo kwa jina la kikundi, kwa sababu kulikuwa na hofu kuwa wanakemia wa Yugoslavia wangewatangulia. Makala ya 1979 ndiyo yaliyobeba kemia, majaribio ya wanyama na wagonjwa kwa pamoja: wagonjwa 2099, kati yao 1511 wa malaria aina ya vivaksi na 588 wa aina ya falsiparamu. Yote hayo katika kurasa sita! Ukiona tasnifu yako imebanwa, kumbuka hao.

Kwa maoni yetu, kuficha majina hakukuleta usawa uliodaiwa. Luo Zeyuan wa Yunnan na Wei Zhenxing wa Shandong walitoa fuwele zao wenyewe za artemisinini mwaka 1973, na Li Guoqiao wa Guangzhou aliwatibu wagonjwa mahututi. Kikundi kimoja kilipotia saini kwa niaba ya wote, msomaji akakosa njia ya kujua maabara ipi ilifanya nini, na ugomvi wa nani apewe sifa ukazuka upya Tu alipopewa tuzo ya Lasker, tuzo ya tiba ya Marekani, mwaka 2011. Jarida lingeweza kuorodhesha maabara tu, bila jina la mtu hata mmoja, na wanahistoria wangepumzika. Hasara nyingine ilikuwa ya fedha. Uchina haikuwa na sheria ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) hadi 1985, na kiungo kikishachapishwa hadharani hakuna tena wa kukidai.

SWALI: Nasaidia wanafunzi kutafuta makala ya zamani ya Uchina. Tunapata juzuu ya 4 ya 1978 na juzuu ya 92 ya 1979. Je, majarida 88 yalitoka mwaka mmoja? Na mbona tukiandika majina hatupati kitu?
Mkutubi, Nakuru

JIBU: Jarida lilipoanza tena kutoka kwa Kiingereza mwaka 1975, lilihesabiwa upya kuanzia juzuu ya 1 na kuitwa mfululizo mpya. Kwa hiyo 1978 ni juzuu ya 4. Mwaka uliofuata walirudia hesabu ya zamani, ndiyo maana ikaruka hadi 92. Hakuna kilichopotea katikati. Marejeo ya 1975 hadi 1978 yaandikwe pamoja na neno la mfululizo mpya, la sivyo msomaji atatafuta juzuu ya 4 ya karne ya 19 na kutoka mikono mitupu. Ukiona juzuu ya 59 kwa mwaka 1979, umeingia jarida jingine: hilo ni Zhonghua Yixue Zazhi, ndugu yake wa lugha ya Kichina, mwenye hesabu yake.

Kuhusu majina, tahajia ilibadilika. Kuanzia Januari 1979 machapisho ya Uchina kwa lugha za nje yalihamia tahajia ya pinyin, ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini. Daktari wa ule mkono wa 1963 leo anaandikwa Chen Zhongwei, lakini ukurasani ni Ch'en Chung-wei, na mashine ya kutafutia haijui kuwa ni mtu mmoja. Jaribu zote mbili, na Peking pamoja na Beijing. Jina la dawa nalo ni hivyo hivyo: mkitafuta artemisinini peke yake mtakosa makala ya mwanzo, kwa hiyo andikeni qinghaosu.

Katika PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya kutafutia makala ya tiba, lisipotokea jina la mtu, anzeni na jarida, mwaka na ukurasa wa kwanza. Kifupi chake humo ni Chin Med J (Engl), na mabano hayo yasiachwe. Kwenye orodha ya marejeo, jina la kikundi likae mahali pa mwandishi, neno kwa neno. Msiandike "hakuna mwandishi", wala msimpachike Tu Youyou kwa sababu mnajua alikuwemo. Angalieni pia msichanganye vikundi vinavyofanana: cha 1977 ni cha umbo la molekuli, cha 1979 ni hiki cha kuratibu, na cha 1982 katika Journal of Traditional Chinese Medicine kinaanza kwa maneno China Cooperative Research Group. Tumeona hicho cha tatu kikibandikwa kwenye makala ya 1979 mara nyingi kuliko inavyostahili.

SWALI: Nimepanda artemisia shambani na majirani wanakuja kuchukua majani ya chai wakishikwa na malaria. Kama Wachina walianza na majani, sisi tunakosea wapi?
Mama mkulima, Kakamega

JIBU: Mama, kinachokosekana kwenye kikombe ni kipimo, na tena joto linaharibu. Kikundi cha Tu kilijaribu dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea 200 hivi, na hii yenyewe mwanzoni iliwaangusha: leo inafaa, kesho haifai. Kilichowafungua macho ni maagizo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyesema konzi ya mmea iloweshwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hakutaja moto. Wakaacha kuchemsha, wakatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, kisha wakaondoa sehemu yenye asidi kwa kutumia alkali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na sumu, wakabaki na sehemu isiyo asidi wala alkali. (Etha hulipuka kwa cheche ndogo. Isijaribiwe jikoni.)

Artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Kiasi chake kwenye jani kavu hubadilika kwa mbegu, udongo na siku ya kuvuna, kuanzia chini ya asilimia moja hadi zaidi kidogo. Kikombe cha leo na cha kesho havilingani, na dozi isiyotosha hupunguza homa huku vimelea vikibaki damuni, tena vile vigumu zaidi. Shirika la Afya Duniani halikubali majani haya kama tiba ya malaria. Jirani mwenye homa apimwe kwanza. Akikutwa na malaria isiyo kali, vidonge vya AL ndivyo tiba ya kwanza nchini kwetu tangu sera ya 2004: kila kidonge kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini 120. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara sita: saa ya mwanzo, baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Amezee chakula chenye mafuta au maziwa, kwani lumefantrini bila mafuta huingia damuni kidogo mno. Akitapika ndani ya saa moja arudie dozi. Mama mwenye mimba, mtoto chini ya kilo 5, au mtu anayepoteza fahamu au kutapika kila kitu asitibiwe nyumbani.

Na msishangae: lumefantrini pia ilitoka kwenye mradi ule ule wa 523.

SWALI: Nimesikia jarida hilo la Uchina liliwahi kusema pamba huwafanya wanaume wasizae. Hapa Busia tunalima pamba na kukamua mbegu. Tuache?
Mkulima, Busia

JIBU: Ni kweli liliandika, na lilikuwa kubwa. Mwaka 1978, juzuu ya 4 ya mfululizo mpya, ukurasa wa 417, kikundi kingine kisicho na majina kilitoa matokeo ya gosipoli, sumu ya asili iliyo kwenye mbegu ya pamba. Miaka ya 1950 ilionekana kuwa vijiji vya Uchina vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu hizo havikuwa vikipata watoto. Wakaitakasa, wakawapa wanaume zaidi ya 4000 kama dawa ya kupanga uzazi, miligramu 20 kwa siku kwa takriban miezi miwili, kisha kiwango kidogo. Wakasema ilifaulu kwa asilimia 99.89. Baadaye ikaonekana wengine potasiamu yao ilishuka damuni hadi miguu ikalegea, na wengine mbegu za uzazi hazikurudi walipoacha dawa. Mwishowe Shirika la Afya Duniani likaachana nayo.

Mafuta ya dukani yamesafishwa: kostiki soda huishika gosipoli na kuitoa pamoja na masalio ya sabuni. Ya hatari ni yale ya kukamua kienyeji, mekundu yanayoelekea weusi, machungu kidogo. Hayo msipikie, hata yakichujwa kwa kitambaa mara ngapi.

Mashudu ni jambo jingine. Ng'ombe mkubwa huyamudu kwa kiasi, maana tumbo lake la kwanza hushika gosipoli. Ndama wa chini ya miezi minne bado hana uwezo huo. Nguruwe hawezi, moyo huchoka na hufa ghafla akionekana mzima. Kuku wa mayai hafi, lakini yai likikaa siku kadhaa kiini hugeuka kijani cha zeituni na mnunuzi hulirudisha. Wenye viwanda vya chakula cha kuku huongeza salfeti ya chuma ili ishikane na gosipoli. Kwa shamba dogo, rahisi zaidi ni kumpa kuku mashudu ya alizeti na kuyaacha ya pamba kwa ng'ombe.