Mpige kwanza anavyotaka yeye

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza bodaboda ilipita ikameza nusu ya maneno. Nimekuelewa: Rehema anataka umpige picha baba yake kwa ile kamera yangu ya Zenit, iwe zawadi yake mzee akitimiza miaka 75, nawe hujui umkalishe vipi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1986, nikiwa msafisha picha kwenye studio moja hapa Tanga, shoga yangu aliniomba nimpige mama yake. Nilimkuta uani anakuna nazi, jua limepenya kwenye makuti likamwangukia mikononi, na jasho kidogo kipajini. Nikapiga palepale, bila hata kuuliza. Picha ilitoka nzuri mno, mpaka mwenye studio akataka kuiweka dirishani. Mama wa watu alipokabidhiwa aliitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ndivyo nilivyo? Na doti zangu zote zile zimo sandukuni?" Akailaza kifudifudi. Nyumba ile nimeingia mara nyingi baadaye, sikuwahi kuiona imetundikwa.

Basi mzee mpige kwanza anavyotaka yeye. Muulize atavaa nini. Nadhani atatoa kanzu, koti na kofia ya vito, kisha atakaa wima kama yuko mbele ya hakimu. Mwache. Wateja wetu ndivyo walivyokuwa. Kuna waliokuja na saa ya kuazima, wakakunja mkono wa shati ili ionekane, na sisi tulisubiri waondoke ndipo tucheke. Mkanda una picha 36. Za namna hiyo mpige sita, halafu umwambie, "Tayari mzee, ahsante." Akisikia tayari, mabega yatashuka. Hapo usifunge kamera. Mwombe akuoneshe cherehani yake. Fundi wa miaka yote ile akishashika kitambaa, vidole vinajiendea vyenyewe, na wewe atakusahau. Hiyo ya pili ndiyo itakayomliza Rehema, ila ya kwanza ndiyo mzee atakayoitundika sebuleni. Safisha zote mbili.

Sasa mwanga. Saa kumi alasiri, barazani, kivulini, uso umeelekea nje. Mita ya kupimia mwanga ya Zenit ile haitumii betri, na inadanganyika na kanzu: ikiona weupe ule hudhani mwanga ni tele, nawe ukiifuata, uso wa mzee unatoka giza tupu. Mwombe radhi, isogeze kamera shibiri mbili kutoka usoni, soma mwanga hapo, weka hesabu zako, ndipo urudi nyuma. Kwa mkanda wa 400 (namba ya wepesi wake wa kushika mwanga), kasi ya shata ya 125 na tundu la lenzi la 4 itakuwa karibu na ukweli. Fokasi weka kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukipiga usimkaribie mno, pua inavimba pichani. Na ukishamaliza kufokasi, lifunge tundu kwa mkono wako, kwani lenzi ile ya Helios haijifungi yenyewe. Niliwahi kuunguza harusi nzima upande wa wanawake kwa kusahau hilo tu, negativu zikatoka nyeusi ti, na bibi harusi hajanisamehe mpaka leo.

Ukisafisha mkanda mwenyewe, dawa ya kusafishia inataka nyuzijoto 20, na maji ya bomba huko Dar hayajawahi kuwa nyuzi 20. Weka chombo chenye dawa ndani ya beseni la maji ya barafu, ila barafu isiingie kwenye dawa. Sisi tulinunua ile ya wavuvi, chumba chote cha giza cha kusafishia picha kikanuka vibua. Hata maji ya mwisho ya kuoshea yapoze. Mkanda ukitoka kwenye ubaridi ukaingia ghafla kwenye joto, ngozi yake hukunjamana na hakuna dawa ya kuinyoosha.

La mwisho ni fremu. Rehema asiibandike picha moja kwa moja kwenye kioo. Fundi wa fremu akate kadi nene yenye dirisha katikati, ikae baina ya picha na kioo, ili pawe na nafasi ya hewa. Unyevu wetu huu wa pwani unaigandisha picha kiooni, na siku ya kuitoa inachunika. Unaikumbuka ya babu yako pale juu ya redio? Nilijaribu kuihamisha mwezi uliopita. Shavu lake la kushoto limebaki kwenye kioo, nami nimekirudisha hivyohivyo, nimekilinganisha mpaka vikakutana.

Mama yako