Barua kwa Mwanangu: Unalala Wapi, na Unafanyia Kazi Wapi?

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti wa usiku wa Jumatatu nimeusikiliza mara tatu, na mara ya mwisho tuliusikiliza pamoja na mama yako. Umesema kwamba kazi ya ukarani wa forodha, uliyoifanya kwa miaka minne bila lawama, sasa inakushinda. Kwamba ikifika saa nane mchana kichwa kinauma na tarakimu za fomu zinakuchanganya. Kwamba usiku hupati usingizi, na msimamizi wako amekuambia mbele ya wenzako kuwa siku hizi umekuwa mzito. Kisha ukauliza: "Baba, huu ni ugonjwa, ni uvivu, au kuna jicho la mtu?" Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu jibu ni refu na ningependa uweze kulirudia ukiwa umetulia.

Uvivu nauondoa kwanza, kwani mvivu hakeshi akijiuliza kwa nini kazi yake imeharibika. Kuhusu ugonjwa, nenda wiki hii kapime presha na damu, usingoje. Na habari ya jicho sikukatazi. Soma Falaq na Nas kama tulivyokufundisha. Lakini kabla ya kumtafuta hasidi, nataka tuyatazame mambo mawili ambayo umeyataja kwa kupita tu, nami nikaona ndiyo yenye uzito: tangu mwezi wa Desemba umehama hapa nyumbani ukapanga chumba Chaani, na mwezi huohuo ofisi yenu ikaondolewa ghorofani ikapelekwa nyuma ya ghala.

Unajua kwamba nilikuwa bwana afya katika mji huu mpaka nilipostaafu. Jambo moja la miaka ya mwanzo sijawahi kukusimulia. Kulikuwa na mama mmoja, mpangaji katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambaye mtoto wake alikuwa akikohoa mwezi hadi mwezi. Nilimtembelea mara mbili, na mara zote mbili nilimkaripia kwamba hamalizi dawa ya mtoto na hafagii chumba vizuri. Mara ya tatu nilichelewa, nikafika baada ya magharibi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Ndani jiko la makaa lilikuwa linawaka miguuni mwa kitanda, na pale palipokuwa na dirisha pametokeza ukuta wa chumba kingine, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amejenga kukiegemeza hapo. Macho yangu yalianza kutoa machozi kabla sijaketi. Mama yule alikuwa akimpa mtoto dawa kwa saa zake. Aliponionyesha chupa, kipimo kilikuwa sawasawa. Mimi nilikuwa nikienda asubuhi, jiko likiwa nje na mlango uko wazi, ilhali ugonjwa ulikuwa ukiingia usiku. Nilimwomba radhi. Tukapata mabati mawili ya kuezekea kipembe cha uani ili apikie huko, na ikachukua miezi mingi kumshurutisha mwenye nyumba kutoboa tundu la hewa juu ya mlango. Kikohozi hakikwisha chote, lakini mtoto alianza kulala usiku.

Tangu siku hiyo nilibadilisha swali langu la kwanza. Sikumwuliza tena mtu amefanya kosa gani. Nilimwuliza analala wapi, anafanyia kazi wapi, na saa ngapi. Swali hilo si langu mimi. Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, akawausia matabibu wenzake waongeze swali moja juu ya yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: kazi yako ni ipi? Hapa kwetu tumelipia kwa uchungu kutouliza. Kule Owino Uhuru, Mikindani, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari karibu kabisa na nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, na mwanawe mchanga akaugua mpaka kipimo cha damu kilipoonyesha madini ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa ikaamua kwamba wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ingawa kesi iliendelea katika mahakama za juu. Wazazi wa kijiji kile hawakuwa wazembe. Walikuwa wanavuta hewa iliyokuwepo, na walikaa hapo kwa sababu hapo ndipo kodi ilipokuwa nafuu.

Sasa tuje kwenye chumba chako. Nilikiona siku moja tu, siku ya kuhamisha vyombo, na ilikuwa asubuhi, kwa hiyo nimerudia kosa langu la zamani. Nakumbuka bati tupu lisilo na silingi, kuta za matofali ya saruji, na dirisha moja ambalo umesema unalifunga usiku kwa hofu ya wezi. Mwili wa mtu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37. Joto likizidi, moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi, na jasho linapokauka ndipo joto linapoondoka. Shika neno hilo la kukauka, kwa maana jasho linalochuruzika mpaka shukani halimpozi mtu. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na jasho hukauka kwa shida, ndiyo maana nyuzi 32 za hapa humlemea mtu kuliko nyuzi 32 za mahali pakavu. Kinachotusaidia ni upepo, na sasa tuko kwenye maleleji, kaskazi imelegea na kusi haijashika. Bati lako huoka chumba mchana kutwa. Usiku lenyewe hupoa upesi, lakini zile kuta hurudisha joto zililolihifadhi, na upepo hauna pa kuingilia wala pa kutokea. Usingizi nao hauingii wala kushika mpaka joto la ndani ya mwili lishuke kidogo. Wewe unalala kitandani kwa muda wa saa saba, lakini mwili unafanya kazi ya kujipoza saa zote hizo, kisha unaamka kwenda kazini ukiwa umekwisha kuchoka.

Angalia nyumba hii uliyozaliwa. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake kiasi cha dhiraa moja, na jua halizifikii sana kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na nyumba hupeana vivuli. Vyumba havina upana mkubwa, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki mbali, lakini ni virefu kwenda juu, na hewa ya moto hupanda ikatuacha. Wazee waliojenga walikuwa wanaijua hali ya hewa yao. Ulipolala hapa siku tatu za Idi, uliamka mwenyewe kabla ya adhana, ukala, ukacheza karata na watoto wa dada yako mpaka usiku, na mama yako hakukusikia ukilalamikia kichwa hata mara moja. Mwili wako ni uleule. Kilichobadilika kwa siku tatu ni mahali.

Ofisini nako umesema kuna kiyoyozi, kama kwamba hilo lamaliza shauri. Viyoyozi vingi vya ukutani haviingizi hewa mpya. Hupoza hewa ileile iliyomo na kuizungusha. Watu tisa katika chumba kisichofunguliwa dirisha tangu asubuhi hurudiana pumzi, na saa nane mchana ni saa ambayo kila mmoja ataihisi. Tena mmeondolewa kwenye madirisha yaliyotazama miti mkapewa ukuta. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliolala penye dirisha lililotazama miti walitoka mapema kidogo na kutumia dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa wagonjwa 46 tu, kwa hiyo siujengei hoja kubwa utafiti huo, lakini nimewaona wagonjwa wetu wakiomba kuhamishiwa kitanda cha dirishani, na siamini kwamba walikuwa wanadeka.

Hata hivyo, lililonigusa zaidi katika ujumbe wako si joto wala hewa. Umesema kwamba zamani ulichagua mwenyewe ni faili gani ianze na ni wakala gani apigiwe simu, na sasa kila hatua huombewa idhini kwenye kundi la WhatsApp, ambalo halilali mpaka saa nne usiku. Umesema pia kwamba hamli tena pamoja chini ya mti wa mkungu, kila mtu anakula mezani pake kwa haraka. Haya usiyadharau. Kuanzia mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walifuatilia afya ya wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Hawakuwa maskini wa kukosa chakula, wala hawakuchimba migodi. Walifanya kazi katika ofisi. Ila matarishi na walinda mlango wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiasi cha mara tatu kuliko wakubwa wa daraja la juu, na tofauti za uvutaji sigara, presha na mengineyo zilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot na uliowahusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe yumo katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo. Kudhalilishwa mbele ya wenzako, kungojea ruhusa ya kila jambo, kula peke yako: mwili huyapokea haya kama unavyopokea moshi, kidogo kidogo.

Sisemi kwamba mtu hana hiari yake. Ile soda unayokunywa usiku ili ukeshe na simu, hiyo ni juu yako, iache. Lakini tangu Januari umekuwa ukijitia ukali wewe mwenyewe, na mahali ulipo hakuna aliyepagusa.

Basi fanya hivi. Nunua daftari dogo, na kwa wiki mbili uandike kila kichwa kinapouma: saa, mahali, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, na nini kilitangulia. Andika na siku ambazo hakikuuma. Daftari hilo utampelekea daktari, na baadaye utalipeleka kazini, kwa sababu neno la mdomo litaitwa manung'uniko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe hewa safi ya kutosha, na penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Mmezidi idadi hiyo mkihesabiwa na watu wa ghala, kwa hiyo uliza ni nani mwanakamati. Barua ya kuomba dirisha lifunguliwe na saa ya chakula irudishwe iandikwe kwa heshima na itiwe sahihi na wote tisa, si wewe peke yako. Usiache kazi kabla ya hapo.

Chumba niachie mimi. Nitakuja Jumamosi saa nane mchana, wakati bati limeshika moto, na safari hii nitalala huko huko ili nijue usiku wake. Nitakuja na futi ya kupimia, wavu wa dirisha na nondo za fundi wa hapa mtaani, ili uweze kulala dirisha likiwa wazi bila hofu. Mwambie mwenye nyumba nataka kuzungumza naye habari ya silingi. Mama yako anauliza kama una mkeka wa pili.

Ni mimi baba yako.