Uingereza Ipi Iliyotoka? Maswali ya Wasomaji kuhusu Kura ya 2016

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu miungano ya mataifa imetuletea barua nyingi, na nyingi kati yake zinahusu kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ambayo kwayo Uingereza iliamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Tumechagua barua tano ambazo, kila moja kwa njia yake, zinagusa jambo lilelile: mgawanyiko wa maeneo katika kura hiyo.

Ndugu Mhariri, kwenye baraza yetu ya kahawa tumebishana hadi kahawa ikapoa. Mmoja anasema Uingereza ilitaka kutoka, mwingine anasema Uskoti ilikataa ikalazimishwa. Yupi ana haki? — Msomaji, Tanga

Wote wawili wana haki, ndugu msomaji, na sehemu ya ubishi wenu inatokana na lugha yetu wenyewe. Neno "Uingereza" tunalitumia kwa mambo mawili: nchi ya Waingereza hasa, yaani England, na dola nzima ambayo jina lake rasmi ni Ufalme wa Muungano, yenye England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mskoti akiitwa Mwingereza hununa, na simlaumu. Katika majibu haya nitasema "England" ninapokusudia sehemu, na "Uingereza" ninapokusudia dola nzima.

Kwa dola nzima, asilimia 51.9 walichagua kutoka na asilimia 48.1 walichagua kubaki, tofauti ya kura zipatazo milioni 1.27 kati ya zaidi ya milioni 33 zilizopigwa. Ukizigawa kura hizo kwa nchi, England ilichagua kutoka kwa asilimia 53.4 na Wales kwa asilimia 52.5, ilhali Uskoti ilichagua kubaki kwa asilimia 62 na Ireland ya Kaskazini kwa asilimia 55.8. Katika Uskoti hakuna hata halmashauri moja, kati ya 32 zilizopo, ambayo upande wa kutoka ulishinda. Hata hivyo kura zote zilimiminwa katika kapu moja, na kwa kuwa England ina zaidi ya watu wanane kwa kila kumi wa dola hiyo, wingi wa kura zipatazo milioni 1.9 ambao upande wa kutoka uliupata humo ulitosha kufunika yote ambayo Uskoti na Ireland ya Kaskazini ziliweza kuweka upande wa pili wa mizani.

Assalaam alaykum, Mhariri. Hapa kwetu tuliambiwa kwamba Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania isingepita mpaka ipate zaidi ya nusu ya kura za Bara na zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar. Imekuwaje Waskoti wasiwe na kinga kama hiyo? — Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam. Kumbukumbu yako ni sahihi: Sheria ya Kura ya Maoni ya mwaka 2013 iliweka sharti la nusu mbili, moja kila upande wa Muungano, ingawa kura iliyokuwa imepangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na sharti hilo halijawahi kupimwa. Australia nayo hairekebishi katiba yake mpaka wapatikane wengi wa wananchi kwa jumla na pia wengi katika majimbo mengi zaidi. Kwa hiyo fikra hiyo si ngeni duniani, na wala haikuwa ngeni London. Mwezi Juni 2015, muswada wa kura ya maoni ulipokuwa bungeni, wabunge wa chama cha SNP cha Uskoti, Alex Salmond akiwa mbele yao, walipendekeza kwamba Uingereza isitoke mpaka kila moja ya nchi zake nne iwe imechagua kutoka. Pendekezo lilikataliwa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mwanachama wa Umoja wa Ulaya ni dola moja, na kwamba kura ya mtu wa Glasgow, Uskoti, isiwe na uzito zaidi kuliko ya mtu wa Birmingham, England.

Hoja hiyo, kwa maoni yangu, ina nguvu zaidi kisheria kuliko kisiasa. Waskoti wana kumbukumbu mbili ambazo ziliwafanya waisikie kwa sikio la shaka. Ya kwanza ni ya tarehe 1 Machi 1979, walipoulizwa kama wanataka bunge lao wenyewe. Asilimia 51.6 ya waliopiga kura walisema ndiyo, lakini sheria ilitaka waliosema ndiyo wafike asilimia 40 ya wote walioandikishwa. Walifika asilimia 32.9 tu, na bunge halikupatikana kwa wakati huo. Basi wingi mwembamba wa Waskoti haukutosha kubadili mambo ya Uskoti, lakini miaka 37 baadaye wingi mwembamba wa dola nzima ulitosha kuitoa Uskoti Ulaya. Kumbukumbu ya pili ilikuwa mbichi zaidi: katika kura ya Septemba 2014 kuhusu uhuru wa Uskoti, waliotetea kubaki ndani ya Uingereza walihubiri kwamba kujitenga ndiko kungehatarisha uanachama wa Umoja wa Ulaya. Asilimia 55.3 waliukataa uhuru. Haikupita miaka miwili, kura ya dola nzima ikaamua kuuacha uanachama waliohakikishiwa, nao wamo ndani.

Lakini haki inadai niseme na upande wa pili. Kinga ya aina iliyopendekezwa na Salmond ingeiwezesha Ireland ya Kaskazini, yenye watu wasiofika milioni mbili, kuzuia uamuzi wa watu milioni 17.4, na sijui ni kiongozi gani angeweza kwenda Sunderland, mji wa England uliochagua kutoka, kuwaeleza watu kwamba wameshinda lakini hawakushinda. Mahakama ya Juu ya Uingereza ililitazama suala hilo kwa upande wa sheria mwezi Januari 2017, ikaamua kwa kauli moja kwamba mabunge ya Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini hayana turufu ya kuzuia kutoka. Novemba 2022 mahakama hiyohiyo iliamua tena kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine ya uhuru bila idhini ya London.

Ndugu Mhariri, ninafundisha historia sekondari. Wanafunzi wameniuliza swali lililonishinda: kwa nini maeneo ya Wales yaliyopokea fedha nyingi za Umoja wa Ulaya ndiyo yaliyoukataa? — Mwalimu, Naivasha

Mwalimu, swali la wanafunzi wako ndilo moyo wa jambo lote, kwa hiyo unistahimili nikijibu kwa kirefu.

Chukua Blaenau Gwent, katika mabonde ya kusini mwa Wales. Kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale, ambacho kwa vizazi kadhaa ndicho kilichokuwa uti wa mgongo wa mji, kilifungwa mwaka 2002. Fedha za Ulaya zilikuja kwa sababu eneo lilikuwa maskini, zikasaidia kujenga barabara na vyuo na kufufua reli, na penye mradi paliwekwa bango lenye bendera ya buluu na nyota zake. Mwaka 2016 asilimia 62 ya wapigakura wa Blaenau Gwent walichagua kutoka. Wengi London waliona ni utovu wa shukrani. Mimi naona kwamba bango si mshahara. Mtu ambaye baba yake alikuwa na kazi ya kudumu ya chuma, naye akawa na kibarua cha ghalani cha wiki kwa wiki, akiulizwa kama anataka mambo yaendelee vilevile, hahitaji kuuchukia Umoja wa Ulaya ili ajibu hapana.

Sasa nenda Boston, mji wa wakulima wa mboga katika mkoa wa Lincolnshire, mashariki mwa England. Hapo hali ni nyingine kabisa, kwa sababu kazi zilikuwepo. Umoja wa Ulaya ulipopokea wanachama kumi wapya mwaka 2004, Uingereza, pamoja na Ireland na Sweden, ilifungua soko lake la ajira mara moja wakati wengine waliweka masharti ya mpito. Wafanyakazi kutoka Poland, Lithuania na Latvia walifika mashambani, na katika mji mdogo ambao hapo awali ulikuwa na wageni wachache sana, nyumba za kupanga, foleni ya daktari na madawati ya shule vilibanana ndani ya muda mfupi. Boston ilichagua kutoka kwa asilimia 75.6, kiwango kikubwa kuliko eneo lolote la kuhesabia kura nchini. Sunderland nayo, penye kiwanda cha magari cha Nissan ambacho magari yake mengi yaliuzwa Ulaya, ilichagua kutoka kwa asilimia 61.3. Swali kwenye karatasi lilikuwa moja, lakini Ebbw Vale ilijibu kuhusu kazi zilizokwisha, Boston ikajibu kuhusu watu waliokuja, na Waskoti wengi wakajibu kuhusu nani ana haki ya kuwaamulia.

Waonye wanafunzi, hata hivyo, kuhusu ramani. Ramani hupaka rangi ardhi, haipaki watu. London imepakwa rangi ya kubaki, asilimia 59.9, lakini humo humo zaidi ya watu milioni 1.5 walichagua kutoka, idadi inayopita ya wote waliochagua kutoka katika Uskoti nzima, na wilaya ya Havering, iliyo pembezoni mwa jiji hilo, ilitoka kwa karibu asilimia 70. Ndani ya mkoa mmoja wa Cambridgeshire, mji wa chuo kikuu wa Cambridge ulichagua kubaki kwa asilimia 73.8 na Peterborough ikachagua kutoka kwa asilimia 60.9. Mpaka uliopita kati ya miji hiyo miwili ni wa umri na elimu, si wa taifa: vijana na waliosoma vyuo vikuu walielekea kubaki, wazee na walioacha shule mapema walielekea kutoka. Uskoti yenyewe si jiwe moja, kwani katika Moray, ambako wavuvi walikuwa na manung'uniko ya miaka mingi juu ya sera ya pamoja ya uvuvi ya Umoja wa Ulaya, upande wa kubaki ulishinda kwa kura 122 tu.

Na kama muda wa kipindi utaruhusu, waeleze pia kuhusu mwaka 1975. Katika kura ya kwanza kuhusu Jumuiya ya Ulaya, England ndiyo iliyokuwa na shauku kubwa kuliko wenzake, asilimia 68.7 wakitaka kubaki, na Uskoti ilikuwa nyuma yake kwa asilimia kama kumi. Maeneo mawili pekee yaliyosema hapana yalikuwa ya Uskoti, visiwa vya Shetland na vile vya Magharibi. Anayedai kwamba Waskoti ni Wazungu wa Ulaya kwa damu na Waingereza ni watu wa kisiwani kwa damu ana kazi ya kuueleza mwaka huo.

Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na mwaka 2016 nilikuwa nikiishi Leicester. Nilipiga kura nikiwa na pasipoti ya Kenya, ilhali jirani yangu Mpolandi, aliyekuwa amekaa pale kunizidi, hakuruhusiwa. Je, ilikuwa halali? — Msomaji, Leicester

Ilikuwa halali kabisa. Haki ya kupiga kura ilifuata kanuni za uchaguzi wa bunge, ambazo huwapa nafasi raia wa Uingereza, wa Ireland na wa nchi za Jumuiya ya Madola walio wakazi halali. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda waliingia kwa mlango huo, Mrundi na Mkongo hawakuingia, na miongoni mwa Wazungu wa Umoja wa Ulaya walioingia ni Waireland, Wamalta na Wakupro peke yao. Matokeo yake ni kwamba kule Boston watu waliozungumzwa zaidi kuliko wote hawakuwa na karatasi ya kura. Leicester yenu ilibaki kwa asilimia 51.1, na sitashangaa ikiwa kura za watu wa Afrika Mashariki zilikuwa na mchango humo.

Mhariri, mimi ni mfanyabiashara na mpaka ninaujua. Nimesikia kwamba Waingereza wameweka mpaka wa forodha baharini, ndani ya nchi yao wenyewe. Inawezekanaje? — Msomaji, Namanga

Inawezekana pale ambapo mpaka wa nchi kavu umekuwa mwiko. Kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland kuna mpaka wa takriban kilomita 500 ambao, tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 ulipomaliza vita vya miaka thelathini, mtu huuvuka bila kujua ameuvuka. Kura ya 2016 iliufanya uwe ukingo wa Umoja wa Ulaya. Hapo pia wapigakura waligawanyika kwa kufuata mipasuko ya zamani: jimbo la Foyle, lenye mji wa Derry na Wakatoliki wengi, lilichagua kubaki kwa asilimia 78.3, na Antrim Kaskazini, ngome ya wanaoupenda muungano na London, ikachagua kutoka kwa asilimia 62.2.

Kurudisha vizuizi katika nchi kavu kungechokoza amani, na kuacha mlango wazi kungeharibu soko la Ulaya. Serikali ya Boris Johnson ilikubali mwezi Oktoba 2019 kwamba Ireland ya Kaskazini ifuate kanuni za Ulaya za bidhaa, na ukaguzi ufanyike kwa mizigo inayovuka bahari kutoka Uingereza kuu, yaani England, Uskoti na Wales, kwenda bandari kama Larne na Belfast. Chama cha DUP, cha wanaoupenda muungano na London huko Ireland ya Kaskazini, ambacho kilikuwa kimepiga kampeni ya kutoka, kikajikuta kimetengwa na dola kinayoipenda, na Februari 2022 kikajiondoa katika serikali ya pamoja, ambayo haikurudi hadi Februari 2024. Katikati ya hapo, mwaka 2023, London na Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, zilikubaliana kugawa mizigo katika njia mbili: ya kijani kwa bidhaa zinazoishia Ireland ya Kaskazini, yenye karatasi chache, na nyekundu kwa zile zinazoweza kuvuka kwenda Jamhuri. Ndiyo maana leo ukinunua maziwa ya Kiingereza katika duka la Belfast, utakuta kwenye paketi maandishi yanayosema kwamba bidhaa hii si kwa ajili ya soko la Umoja wa Ulaya.