Thamani ya Olynthus

Swali: Mhariri, ikiwa Olynthus, mji wa kale wa Ugiriki, ulibomolewa mapema, kwa nini wanaakiolojia huuthamini sana?

Jibu: Thamani yake inatokana na kubomolewa huko. Mji huo wa Chalkidiki, rasi ya kaskazini mwa Ugiriki, ulipanuka mwaka 432 KK, wakazi wa miji ya pwani iliyoasi utawala wa Athens walipohamia humo, lakini mwaka 348 KK Filipo wa Pili, mfalme wa Makedonia, aliuteka, akaubomoa na kuwauza watu wake utumwani. Kwa kuwa hapakujengwa mji mwingine juu ya magofu hayo, mwanaakiolojia Mmarekani David Robinson, aliyechimba kwa misimu minne kati ya 1928 na 1938, alifukua nyumba zaidi ya 100 zilizopangwa kwenye mitaa iliyonyooka, kila moja ikiwa na ua wake, na baadhi zikiwa na vyumba vya karamu vilivyosakafiwa kwa vijiwe vya rangi. Sakafu mojawapo inamwonyesha Bellerophon, shujaa wa hekaya za Kigiriki, amempanda Pegasus, farasi mwenye mabawa, akimchoma mkuki zimwi Chimera. Kwangu mimi, hata hivyo, kinachozidi vyote ni vile vipande vidogo vya madini ya risasi, vilivyorushwa kwa kombeo, ambavyo baadhi vimeandikwa jina la Filipo mwenyewe.