Usitume pesa ya miezi 6 kabla hujajua nyumba ni ya nani

Dada simama hapo hapo, usitume hiyo pesa. Nimesoma eti kaka yako anatoka wodi ya pombe ya hospitali ya Butabika, Kampala, mwezi ujao, umempatia nyumba ya mpito (ya kukaa mtu aliyeacha pombe kabla hajarudi nyumbani) huko Nansana, na mkurugenzi anakupunguzia ukilipa miezi 6 kwa mpigo. Hiyo ofa naijua. Niliilipa mimi kwa ajili ya mdogo wangu, tena kwa mobail mani, na mkurugenzi wangu nikamshukuru kwa kumwita mtu wa Mungu.

Swali moja tu sikuuliza: hii nyumba ni ya nani? Chakula niliuliza (posho, yaani ugali, na maharage, Jumapili wali), saa za maombi niliuliza, choo nilikagua, godoro nikalibonyeza kama parachichi la soko la Nakasero. Kumbe mkurugenzi mwenyewe ni mpangaji! Sisi tunamlipa miezi ya mbele, yeye hata ile ya nyuma hajalipa. Siku naitwa mbio mbio nakuta geti lina kufuli la mwenye nyumba, askari kakaa kwenye kiti cha plastiki, vijana wote wako kando ya barabara, na mdogo wangu kashika sufuria. Nguo zimebaki ndani, dawa na karatasi za hospitali zimebaki ndani, sufuria ndiyo kaiokoa, mpaka leo hajanieleza kwa nini. Sasa mtu ndiyo kwanza anajifunza kulala bila waragi, ile pombe kali yetu, unamtoa nje saa kumi na moja jioni wakati vibanda vya pombe vinachangamka, unategemea nini? Zile waragi za kavera (vipakiti vya plastiki) serikali ilizipiga marufuku 2019, lakini chupa ndogo ya plastiki nayo inakaa mfukoni vizuri tu. Alishaanza kunywa mimi bado nabishana na askari.

Na nilibishana kisomi, msinicheke. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 ina utaratibu wake wa kumtoa mpangaji, na inasema kodi ikifika laki 5 lazima makubaliano yaandikwe. Nikaisoma kwenye simu pale getini kwa sauti, mpaka chairmani wa LC1 (serikali ya mtaa) akanionea huruma akaniuliza, ssebo (bwana), wewe mkataba wako ni na nani? Na mwenye nyumba sina. Na mkurugenzi nina fomu ya "kujiunga na familia", ambayo huku chini kwa maandishi ya sisimizi inasema mkazi si mpangaji na ada hairudi.

Yule kaunsela aliyetupeleka pale, "hiyo nyumba naijua kama yangu", nilikuja kusikia anakula kamisheni kwa kila kichwa. Bado ananitumia mistari ya Biblia WhatsApp kila asubuhi. Nasoma, sijibu.

Halafu mkurugenzi alipenda kusema mlevi hawezi kushika pesa ndiyo maana lazima yeye ashike zote. Uongo mtupu. Marekani kuna nyumba zinaitwa Oxford House, zipo tangu 1975, hazina meneja wa kulala humo, wakazi wenyewe wanagawana kodi, wanamchagua mtunza hazina kwa kura, na anayerudia kunywa wanamtoa. Wanaona kwa macho yao kodi imelipwa. Hilo tu ndilo nataka ulidai: mkataba wa mkurugenzi na mwenye nyumba, risiti ya kodi ya mwezi huu, na mwenye nyumba umwone uso kwa uso, chairmani akiwepo. Na ulipe mwezi kwa mwezi, hata kama punguzo ni nusu bei.

Uliuliza pia kama anaweza kuendesha boda huku anakaa pale. Boda ya nani kwanza? Maana mkurugenzi wetu alikuwa na boda zake, vijana wanampelekea pesa ya siku eti anawawekea akiba, na hiyo akiba ilifungiwa ndani pamoja na sufuria zilizobaki.

Sasa hivi mdogo wangu yuko kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya kwangu, kliniki anarudi, na mwenye nyumba ni mama mmoja mkali anakuja mwenyewe kudai kila mwanzo wa mwezi. Sijawahi kumpenda mtu anayenidai kama huyo.

Mpigie mkurugenzi leo, umuulize hilo moja. Akianza kukuhubiria habari za upendo na imani, kata simu.