Re: Nyumba ya mfano ya Mikindani haionekani ya kale

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini nyumba yako ya mfano ya kadibodi inaonekana mpya ingawa umeipaka kahawia kote. Tatizo ni hilo "kote". Jengo la kale huchakaa penye sababu. Zitazame kuta za mawe ya matumbawe pale Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara: lipu hubanduka zaidi chini, unyevu na chumvi vinakopanda kutoka ardhini, na weusi huteremka chini ya madirisha kwa maji ya mvua. Basi piga lipu ya chokaa na gundi ya mbao, kisha ibandue kwa ncha ya kisu sehemu hizo tu.

Mlango ndio roho ya kazi, usiuharakishe. Kwa skeli ya 1:24, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 24, mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8 na kidogo. Chukua vijiti vya aiskrimu, vipake chai ya rangi nzito, vikauke, halafu pitisha siki iliyolowekwa misumari ya chuma siku kadhaa. Mbao inageuka kijivu yenyewe, uzuri wake hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Vanishi usiguse kabisa, itang'aa.

Ukimaliza mlango tuwekee picha, natamani sana kuuona.